Barabara, fedha na uteuzi: nani anaamua gari ifike kijijini kwenu?

Kila baada ya taarifa ya habari ya jioni simu zetu huanza kulia. Tukisoma habari ya barabara, swali huwa moja: "Na yetu lini?" Tukisoma habari ya bajeti, wasikilizaji huuliza kama Pemba imo. Tukisoma orodha ya walioteuliwa na Rais, wengi hunyamaza. Wanaona hayo ni mambo ya wakubwa.

Habari hizo tatu ni habari moja. Barabara haijengwi bila ya fedha, na fedha hazisogei bila ya mtu mwenye mamlaka ya kutia saini. Mgonjwa wa Micheweni anapotakiwa apelekwe Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, safari yake inaanzia kwenye njia ya kifusi ya kijijini kwao. Gari ikikwama pale, lami iliyoko mbele haimsaidii. Anayehusika na kifusi kile na anayehusika na lami ile ni watu wawili tofauti, na wanafanya kazi katika ofisi mbili tofauti.

Makala hii tumeiandika ili ujue nani ni nani, na swali lako ulipeleke wapi. Ihifadhi kwenye simu yako, utaihitaji.

Serikali iko ngazi ngapi Pemba?

Kwa sensa ya mwaka 2022, Pemba ina watu 543,441. Kisiwa kina mikoa miwili na wilaya nne. Mkoa wa Kaskazini Pemba una wilaya za Wete na Micheweni. Mkoa wa Kusini Pemba una wilaya za Chake Chake na Mkoani. Kila wilaya imegawika katika shehia.

Zipo njia mbili za mamlaka, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ya tawala za mikoa: Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya na Sheha. Inaongozwa na Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014.

Njia ya pili ni ya serikali za mitaa, yaani mabaraza. Inaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, iliyochukua nafasi ya sheria za mwaka 1995. Chini ya mpango wa sheria hiyo, Pemba ilipata mabaraza manne: Baraza la Mji Chake Chake, Baraza la Mji Wete, Baraza la Mji Mkoani na Halmashauri ya Wilaya ya Micheweni.

Njia zote mbili zinakutana juu, katika Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa, Serikali za Mitaa na Idara Maalumu za SMZ.

Pembeni ya njia hizo zipo wizara nyengine, na hapa Pemba tuna cheo ambacho ndugu zetu wa Bara hawakizoei: Afisa Mdhamini. Wizara ina makao yake makuu Unguja, lakini hapa inawakilishwa na Afisa Mdhamini. Kwa mambo ya barabara na usafiri, anayehusika ni Afisa Mdhamini wa wizara inayoshughulikia ujenzi na uchukuzi. Wananchi wengi hupanda meli kwenda kuuliza Unguja jambo ambalo wangeliuliza Chake Chake.

Nani ameteuliwa, nani amechaguliwa?

Swali hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Aliyechaguliwa na wewe anakujibu wewe. Aliyeteuliwa anamjibu kwanza aliyemteua.

Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya wanateuliwa na Rais wa Zanzibar. Mkurugenzi wa baraza naye anateuliwa na Rais, na pia Maafisa Wadhamini. Ndiyo maana majina yao unayasikia katika taarifa inayotoka Ikulu, aghalabu jioni, na walioteuliwa wakiapishwa au wakianza kazi siku chache baadae.

Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa baada ya kupata mapendekezo ya Mkuu wa Wilaya. Sheha hachaguliwi kwa kura, ingawa ndiye kiongozi aliye karibu zaidi na mlango wako.

Diwani anachaguliwa kwa kura katika wadi, siku moja na uchaguzi mkuu. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba 2025. Katika baraza wamo pia madiwani wa viti maalumu vya wanawake na wa kuteuliwa. Madiwani wenyewe ndio wanaomchagua mwenyekiti wao.

Mwakilishi naye umemchagua wewe, na kazi yake ni katika Baraza la Wawakilishi. Pemba ina majimbo 18 kati ya 50 ya uwakilishi ya Zanzibar. Huko ndiko bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inakopitishwa.

Kwa hivyo ndani ya baraza lako wamo watu wa aina mbili. Diwani anapanga na kusimamia. Mkurugenzi anatekeleza, na ndiye mwenye ofisi, wahandisi, wahasibu na kalamu ya malipo. Mkurugenzi akihamishwa, mipango ya baraza haifi, kwani imeandikwa. Lakini anayekuja anahitaji muda wa kuisoma, na njia ya kijiji isiyokuwa na mtu wa kuikumbusha ndiyo inayosahaulika kwanza. Ukisikia mkurugenzi mpya wa wilaya yako ametajwa, hiyo ndiyo wiki ya kumpigia simu diwani wako.

Barabara hii ni ya nani?

Kabla ya kulalamika, jua barabara unayoilalamikia iko kwenye daftari la nani.

Barabara kuu, zile zinazounganisha miji na wilaya, ni kazi ya wizara ya ujenzi kupitia Wakala wa Barabara. Humu zimo Chake–Mkoani, kilomita 43.5, na Chake–Wete, kilomita 22.1, ambazo kila msafiri wa Pemba anazijua kona kwa kona. Humu imo pia Ole–Kengeja, kilomita 35, ambayo jina lake limesikika katika hotuba za bajeti kwa miaka mingi.

Njia za ndani, yaani za mitaani mjini na zile zinazotoka barabara kuu kuingia vijijini, zimo katika majukumu ya mabaraza. Baraza linahusika pia na mitaro ya mvua ya mjini, taa za njiani, masoko na vituo vya gari.

Tatizo liko katika mpaka. Njia ya kijiji inapoungana na barabara kuu, kalavati lililoziba linaweza kukaa msimu mzima wa masika, kila ofisi ikidhani ni la mwenzake. Ukipeleka taarifa, taja mahali hasa: jina la shehia, barabara inatoka wapi kwenda wapi, na kalavati liko upande gani. Mwambie pia kijana akupigie picha kwa simu. Taarifa yenye mahali na picha ni vigumu kuirusha ofisi nyengine.

Fedha zinatoka mifuko gani?

Mfuko wa kwanza ni bajeti ya Serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na wizara husoma hotuba zao mbele ya Wawakilishi Mei na Juni. Bajeti ya Zanzibar ya 2023/2024 ilikuwa shilingi trilioni 2.8, na ya 2024/2025 ikapanda hadi trilioni 5.18. Bajeti inapokua namna hiyo ni haki ya mwananchi kuuliza shehia yake imeguswa wapi.

Mfuko wa pili ni Mfuko wa Barabara. Huu unatokana na tozo inayokatwa kwenye mafuta. Kila mwenye bodaboda anayetia lita moja Konde au Kengeja anauchangia bila ya kujua. Kazi yake kubwa ni matengenezo: kuziba mashimo, kukata majani, kuzibua mitaro. Ukiona shimo limekaa miezi, huo ndio mfuko wa kuuliza.

Mfuko wa tatu ni msaada. Mfano mzuri upo hapa hapa. Februari 2008, Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698, uliomalizika mwaka 2013. Katika fedha hizo, Pemba ilipata barabara tano za vijijini, takriban kilomita 35 kwa jumla. Miongoni mwao ni Bahanasa–Daya–Mtambwe, Kipangani–Kangagani na Chwale–Kojani. Waliokuwa wakibeba karafuu na samaki kichwani kwenye tope la Mtambwe wanaujua msaada ule kwa miguu yao. Lakini msaada una siku ya mwisho. Aliyeijenga barabara ameondoka, na utunzaji umebaki kwetu.

Mfuko wa nne ni mkopo. Benki ya Dunia, kwa mfano, iliidhinisha mwaka 2011 mradi wa huduma za miji Zanzibar wa dola milioni 38, na mabaraza ya miji mitatu ya Pemba yalikuwamo. Mkopo unalipwa na sote, hata asiyepita katika barabara iliyojengwa. Ndiyo maana kuuliza masharti yake ni jambo la kawaida, wala si uchochezi.

Mfuko wa tano ni mapato ya baraza lenyewe: leseni za biashara, ada za masoko, maegesho, vituo vya gari, madiko na mengineyo. Mapato haya ni madogo ukilinganisha na bei ya lami, lakini yanatosha kwa kifusi, kalavati na taa. Ukilipa ada, dai risiti. Shilingi isiyokuwa na risiti haihesabiki, na isiyohesabiki haitengenezi njia.

Upo pia mfuko wa maendeleo wa jimbo, ambao husaidia kazi ndogo ndogo. Kuhusu huo, muulize Mwakilishi au Mbunge wako.

"Zimetengwa" haina maana ya "zimetoka"

Hapa tutajisema wenyewe. Tuliwahi kusoma habari kwamba fedha za njia moja ya kijiji "zimetengwa". Kijiji kikashangilia. Baada ya muda msikilizaji mmoja akatupigia simu akauliza, kwa upole lakini kwa uchungu: "Mbona hata greda hatujaliona?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hatukuwa tumeuliza swali la pili.

Fedha ya umma inapita hatua nne. Kwanza inaombwa. Pili inaidhinishwa, na hapo ndipo linapotumika neno "zimetengwa". Tatu inatolewa, yaani inaingia kweli katika akaunti ya wizara au baraza. Nne inatumika, na kazi inaonekana. Kati ya hatua ya pili na ya tatu unaweza kupita mwaka mzima, na pengine fedha zisitoke zote.

Uzuri ni kwamba hotuba za bajeti zenyewe huonesha tarakimu mbili: kilichoidhinishwa mwaka uliopita na kilichopatikana. Ukikutana na diwani au Mwakilishi wako, usiulize "mmetutengea ngapi?" Uliza "zimeingia ngapi, na zimefanya nini?"

Baadae hesabu zinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Zanzibar, na ripoti yake hufikishwa Baraza la Wawakilishi. Ukiwa na dalili za rushwa, pa kupeleka ni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na kuhujumu uchumi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Barabara imefika, gari haijafika

Zipo shehia ambazo lami imefika lakini gari ya abiria inapita asubuhi na jioni tu. Hapa watu hulilaumu baraza, na mara nyingi hulionea.

Njia za daladala hazipangwi na baraza la mji. Ruhusa ya kupakia abiria katika njia fulani, zile tunazozijua kwa namba kama 603 ya Mkoani, 606 ya Wete na 602 ya Konde, inatolewa na mamlaka ya usafiri barabarani chini ya wizara. Nauli nazo hupangwa huko. Bei ya mafuta, inayozisukuma nauli hizo, hutangazwa kila mwezi na ZURA.

Baraza lina kituo cha gari: pahala pa kusimama, kivuli, vyoo na ada. Mwenye gari naye ana hesabu zake. Hawezi kwenda mwisho wa njia yenye mashimo kwa abiria wanne, akavunja springi kwa nauli isiyofika bei ya bolti moja.

Kwa hivyo kijiji kinachotaka gari kinahitaji vitu vitatu: njia inayopitika mwaka mzima, ruhusa ya njia, na abiria wa kutosha kwa saa zinazojulikana. Tunashauri shehia mbili tatu zilizo katika njia moja ziandike ombi la pamoja, wakitaja wanafunzi wa skuli, wafanyabiashara wa soko na siku za kliniki. Ombi la aina hiyo linamwonesha mwenye gari biashara, na linaionesha mamlaka haja.

Mikarafuu, minazi na fidia

Barabara ikipanuliwa, kuna anayepoteza. Kwa Pemba anayepoteza mara nyingi ni mwenye mkarafuu.

Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Lakini nyumba na miti ina mwenyewe, na huku kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikatumiwa na mwengine. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa siku ya tathmini.

Mkisikia barabara yenu imo katika mpango, msingoje greda. Kaeni kama familia, muandike miti ni mingapi, ya nani, na mrithi ni nani. Shuhudisheni kwa Sheha. Siku mthamini anapopita, mwenye mali awepo yeye mwenyewe au mtu wake, ahesabu pamoja naye, asome fomu kabla ya kutia saini, na abaki na nakala. Mwanamke aliyerithi mikarafuu ana haki ya jina lake kuandikwa. Tunalisema hili kwa sababu majina ya akina mama ndiyo yanayopotea mara nyingi.

Na sisi wa visiwa vidogo?

Kwa ndugu zetu wa Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, barabara inaishia pwani. Ile lami ya Chwale inafika ukingoni, kisha ni mashua. Kwa nyinyi, usafiri ni pia diko, gati na usalama wa chombo.

Bandari za Mkoani, Wete na Wesha ziko chini ya Shirika la Bandari Zanzibar, si mabaraza. Usalama wa vyombo una mamlaka yake ya serikali kuu. Lakini diko la kijiji na njia inayoshuka pale ni jambo la kulifikisha kwa diwani.

Na kwa usalama wa baharini tusione haya kusema. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaza watu kupita kiasi chake. Hakuna mtaa wa Pemba usioliombolezea. Ukiona chombo kimejazwa, kikubwa au kidogo, una haki ya kukataa kupanda na wajibu wa kutoa taarifa.

Pa kuanzia

Tuseme njia ya kijijini kwenu haipitiki wakati wa masika. Fuateni hatua hizi.

1. Andikeni tatizo kwa ufupi: mahali, urefu wa sehemu mbovu, nani anaathirika, tangu lini. Ambatisheni picha.

2. Pelekeni kwa Sheha, mumuombe alijadili na kamati yake na aliandike. Jambo lisiloandikwa na shehia huonekana ni la mtu mmoja.

3. Mpeni diwani nakala. Muulizeni: njia hii iko kwenye daftari la baraza au la Wakala wa Barabara?

4. Ikiwa ni ya baraza, nakala iende kwa Mkurugenzi. Ikiwa ni ya wakala, iende kwa Afisa Mdhamini wa wizara inayohusika. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

5. Ulizeni mapema. Mipango ya mwaka unaoanza Julai inakusanywa miezi kadhaa kabla. Anayeanza kuuliza Juni amechelewa, awahi mwaka unaofuata.

6. Mkingoja bila ya jibu, nendeni kwa Mkuu wa Wilaya. Yeye hajengi barabara, lakini anaweza kuwaita wanaojenga wakae meza moja.

7. Mwakilishi wenu mpeni swali lililoandikwa, alipeleke Barazani. Jibu la waziri pale linaingia katika kumbukumbu rasmi.

Mwisho

Kila wiki tutaendelea kuwasomea habari za uteuzi, bajeti na miradi, na hapa tutaiongezea makala hii panapotokea mabadiliko. Mnapozisikia, jiulizeni mambo matatu: barabara hii iko daftari la nani, fedha zake ziko hatua gani, na huyu aliyetajwa leo anamjibu nani.

Mkishafahamu hayo, piteni kwa Sheha na karatasi yenu. Na karatasi ikishagongwa muhuri, tuleteeni nakala studioni. Tutaisoma hewani, na baada ya miezi mitatu tutaisoma tena.